Maisha ya Mama Laurence Katungu, Mwalimu wa Asumini na Wenzake

Wapendwa mliofika, wa Goma na wa Butembo, wa parokia na wa msikiti, karibuni mketi. Mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Karatasi hii inasomwa na Louise, mdogo wa marehemu, kwa sababu ndiye aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, na ndiye anayejua mengi ambayo marehemu asingependa yasemwe hadharani. Watoto wa marehemu wamemruhusu kusema nusu yake.

Mama Laurence Katungu Syahuka alizaliwa Butembo tarehe 3 Machi 1956. Baba yake alikuwa Muzee Paluku Syahuka, mkulima wa kahawa, na mama yake Mama Victoire Masika. Alibatizwa akiwa na majuma mawili, na inasemekana alilia padri alipomtilia chumvi mdomoni, kisha akanyamaza na kuomba nyingine kwa midomo. Ukweli wa habari hiyo hatuujui. Tunachojua ni kwamba alipofika miaka saba alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuonja vyungu vya majirani na kuwaambia kilichopungua. Alipigwa kwa ajili hiyo mara nyingi, wala hakuacha hadi kufa kwake.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Butembo kuanzia mwaka 1962, kisha sekondari kwa masista, akamaliza mwaka 1974. Huko kwa masista aliunguza sufuria nzima ya maharage siku ya wageni. Sista mkubwa akaamuru kwamba mwenye maharage ayale, na Laurence akayala siku tatu, asubuhi na jioni. Baadaye alipokuwa mwalimu aliigeuza adhabu ile kuwa sheria ya jiko lake: aliyeunguza ndiye anayekula, na mwalimu anakula pamoja naye. Walimu wenzake walishangaa kwa nini mama huyu alipenda vyakula vyeusi. Hakuvipenda hata kidogo. Mwaka 1975 alikwenda Bukavu kusomea upishi na lishe, akarudi na diploma yake mwaka 1978.

Alifika Goma Septemba 1979 kufundisha katika shule ya wasichana. Hapo ndipo Papa Hilaire Muhindo, dereva na mfanyabiashara wa maharage na vitunguu katika njia ya Butembo, alipomwona. Aliletewa viazi alivyovipika Mama Laurence, akala, akasema vinataka chumvi kidogo. Watu wa mezani waliacha kutafuna. Mama Laurence alionja, akaona ni kweli, na tangu siku ile akamwona mtu huyo kuwa anastahili kusikilizwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1981, wakajenga mtaa wa Murara, wakabarikiwa watoto watatu: Rosine, Benny na Élodie. Moto wa volkano ulipoichukua nyumba mwaka 2002, walijenga nyingine juu ya mawe yaleyale meusi, na Mama Laurence akasema kwamba walau safari hii msingi hautawasumbua.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliliweka katikati ya maisha yake. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa wingi hata madarasa yakawa malazi. Mama Laurence alijiunga na kikundi cha parokia kilichofundisha akina mama kupika kwa kuni chache katika kambi ya Mugunga, upande wa ziwa dogo la Lac Vert. Siku moja mkimbizi aitwaye Nyiransabimana alimletea binti yake wa miaka kumi na sita. Binti alikuwa na ulemavu wa akili. Alisema maneno machache, na jambo alitaka kuambiwa mara tatu ndipo alishike. Mama Laurence alimtazama yeye, akautazama moto, akasema, "Huyu hapana. Ataungua."

Nyiransabimana akamjibu pole pole, "Kwetu yeye ndiye alipikia watu tisa, Mama. Ni hapa tu amekuwa mutu wa kungojea."

Jibu lile lilimchoma. Wiki iliyofuata alirudi kumwita yule binti, akakuta hema lao limehamishwa. Alimtafuta hadi vita vya 1996 vilipovunja kambi, asimpate. Habari hii aliisimulia mwenyewe kila mwanzo wa mwaka, mbele ya wanafunzi wapya, bila kujitetea. Alikuwa akimaliza hivi: "Siku ile mujinga alikuwa mumoja, na hakuwa ule mutoto."

Mwaka 2004 aliingia kufundisha jikoni katika chuo cha ufundi wa hoteli kilichopo kwenye njia ya Lac Vert. Mwaka 2007 jirani yake wa Murara, Mama Mwavita, muuza vitenge ambaye asili yake ni Maniema, alikuja na binti yake Asumini. Asumini alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule ya msingi alikaa miaka minane, akaambulia makofi, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu kichwa chake, walisema, kinaenda pole. Mama Mwavita hakupoteza maneno. "Mama Laurence, huyu wangu anajua kupika. Kitu hajui ni kuandika mbio. Na kila mutu ananiambia nimufundishe kusuka mikeka."

"Yeye mwenyewe anataka mikeka?" Mama Laurence aliuliza, akimwangalia Asumini.

"Mikeka inaniumiza vidole," Asumini alisema. "Nataka koti ya mupishi. Ile nyeupe."

Kesho yake Mama Laurence alimpeleka kwa mkuu wa chuo, Papa Josias. Papa Josias ameketi hapa mbele, na ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Alisema hata yeye anataka kuyasikia tena. Siku ile alivua miwani yake, akaifuta, akasema, "Mama Laurence, hapa ni chuo. Si kituo cha walemavu."

"Ndio maana nimemuleta hapa, Papa. Kituo angekipata bila mimi."

Komite ya chuo ilikaa mara tatu. Mwisho ikatoa neno lake: apokelewe Asumini peke yake, kwa majaribio ya miaka miwili, na afanye mtihani uleule wa wenzake mbele ya juri, yaani walimu na watu wa kazi wanaomuuliza mwanafunzi maswali kabla ya kupewa diploma. Akifaulu, wengine kama yeye watapokelewa. Akishindwa, jambo hilo lisiletwe tena. Na wengine walikuwepo, maana habari ilikuwa imeshatembea mjini. Kulikuwa na familia saba zilizokwisha kuandika barua, kila moja ikiwa na kijana aliyefichwa chumba cha nyuma. Mama Laurence alizibandika barua zile ndani ya kabati lake la sahani, kila akichukua sahani azione. Papa Hilaire anakumbuka kwamba miaka miwili ile mke wake alikuwa anakula huku amelielekezea kabati lile uso.

Jikoni hakumpa Asumini darasa la pembeni. Kila mwanafunzi pale chuoni alifanya kazi na mwenzake, meza moja watu wawili. Asumini aliwekwa na Élisabeth, msichana aliyekimbia vita Rutshuru, ambaye aliweza kusoma ukurasa mzima kabla wewe hujavaa miwani, lakini akaunguza kitunguu huku anasoma. Asumini hakusoma mistari mirefu. Mapishi yake yalikuwa ya picha: kikombe, yai, kijiko, moto mdogo, moto mkubwa. Na mkono wake ukishashika jambo, haukuliachia tena. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba Élisabeth amebebeshwa mzigo. Élisabeth alimwambia, "Mwalimu, tangu nifanye kazi na Asumini sijakula kitunguu cheusi hata kimoja. Nani amebeba nani?"

Mwaka wa pili ukafika wakati wa staji, yaani mazoezi ya kazi katika jiko la nje, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Hoteli nne zilimkataa Asumini. Moja ilisema wateja wataogopa, ingawa mteja haingii jikoni. Bila staji hakuna juri, bila juri hakuna diploma, na zile barua saba zingebaki kabatini. Mama Laurence aliogopa. Alimwambia mdogo wake Louise, tena akilia, kwamba pengine amemdanganya mtoto wa watu.

Kisha mwishoni mwa Oktoba 2008 vita vikakaribia mji, na watu kwa maelfu wakakimbilia kambi ya Kibati, juu ya mji. Parokia ilitafuta mikono ya kupikia watoto uji. Mama Laurence alipanda hadi ofisi ya Papa Josias na kumwambia kwamba sheria ya chuo inasema staji ifanyike katika jiko linalolisha watu wengi, na haisemi jiko hilo liwe na ukuta. Papa Josias aliisoma sheria mara mbili. Akatia sahihi.

Kwa majuma sita Asumini na Élisabeth walipanda Kibati asubuhi kwa gari la parokia, wakapikia watoto mia nne kwa sufuria mbili. Mama Mwavita alihofia, akafuata siku ya kwanza ili amrudishe binti yake. Alipofika alimkuta Asumini amesimama juu ya jiwe na mwiko mrefu, anawaambia wanaume wawili wazima wapange mstari vizuri, nao wanapanga. Mama Mwavita alishuka mjini, na kesho yake alileta vikombe.

Siku ya juri ilikuwa Ijumaa tarehe 24 Julai 2009, saa tatu asubuhi. Ni sheria kwamba mwalimu aliyemsimamia mwanafunzi hukaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka mitano Mama Laurence alikuwa ndiye mlinzi wa sheria hiyo, na aliwahi kumtoa nje profesa mzima kwa sababu alikohoa kwa namna ya kumsaidia mtu. Asumini aliingia na koti lake jeupe. Alieleza uji wake kwa picha, akapika kidogo wakaonja, na yote yakaenda vema. Ndipo Bwana Useni, mpishi mkuu wa mojawapo ya zile hoteli nne, akauliza, "Siku unga umepungua, na watu wameongezeka. Unafanya nini?"

Asumini alinyamaza. Alinyamaza sana. Wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Mama Laurence aliwaona moyoni wale vijana saba wote wakirudi vyumba vya nyuma, na mdomo wake ukamponyoka. "Anaongeza maji," alisema.

Juri nzima iligeuka kumtazama. Papa Josias alivua miwani. Asumini naye aligeuka, na hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa hesabu.

"Mama Laurence, ikala chini. Ni miye wameuliza." Kisha akamgeukia Bwana Useni. "Na maji hapana. Ukiongeza maji, watoto wanashiba uongo, saa nne wanalia tena. Miye napunguza kikombe. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Halafu namutuma Élisabeth awaambie watu ukweli, unga umeisha, kesho tutakuja. Kule Kibati tulifanya vile, siku mbili. Hakuna mutu alipigana."

Bwana Useni aliweka kalamu chini. Alisema kwamba amepika miaka ishirini na sita, na kwamba hata yeye alikuwa ameandika maji. Juri ilitoka, ikakaa dakika kumi, ikarudi. Asumini alipata asilimia sabini na mbili. Mwenyekiti aliongeza kwamba pointi za mwalimu wake, kwa leo, hazitatangazwa.

Mnajua desturi yetu: anayefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani. Murara nzima ilikuwa nje ya lango na makopo yake. Walimmwagia Asumini, wakammwagia Élisabeth aliyefaulu pia, wakammwagia Mama Mwavita, wakammwagia Papa Josias na suti yake ya bluu, na mlinzi wa lango ambaye hakuwa amesoma chochote. Mama Laurence alikuwa amejificha stoo kwa aibu. Asumini alimfuata huko na kopo, akamwambia ainamishe kichwa, naye akainamisha. Alicheka hadi akashikilia gunia la viazi asianguke. Alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo siku aliyokosea vizuri kuliko zote maishani mwake.

Zile barua saba zilitoka kabatini Septemba ya mwaka ule. Tangu hapo chuo hakijafunga mwaka bila wanafunzi kama hao, katika madarasa yaleyale, meza moja na wenzao. Wakati wa vita vya Novemba 2012, chuo kilipofungwa, Mama Laurence aliwafundishia sebuleni kwake Murara, na Papa Hilaire alipata kula kwa juma moja michuzi ishirini ya majaribio. Anasema mitatu ilikuwa mizuri.

Bwana Useni alimchukua Asumini kazini, kwa mkataba uleule wa wapishi wengine, maana Mama Laurence aliusoma mwenyewe neno kwa neno. Siku moja alikwenda pale hotelini kula, akaletewa supu imepoa, akairudisha jikoni. Mhudumu alimnong'oneza, "Mama, si unajua hali ya yule anayepika?"

"Najua hali ya supu," alisema. Supu ikarudi ya moto, na Asumini akachungulia mlangoni kumkazia macho. Wote wawili walifurahi sana. Mwaka 2015 Asumini alirudi chuoni, safari hii kama mkufunzi wa jiko, kwa barua ya ajira yenye sahihi ya Papa Josias.

Presha ilimwanza Mama Laurence mwaka 2014, naye aliificha kama watu wanavyowaficha watoto sukari. Tarehe 19 Februari 2019 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanachelewa. Yalikuja, lakini kwa zamu. Hapo sisi ndugu zake, na Louise akiwa wa kwanza, tukageuka kuwa mdomo wake. Daktari akiuliza anaumwa wapi, tunajibu. Padri akiuliza kama amelala, tunajibu. Mgeni akimuuliza jina la mjukuu, sisi. Jumamosi moja Asumini alikuja na uji, akatukuta tunabishana kama mgonjwa anataka mto mmoja au miwili. Aliweka uji mezani, akatuambia, "Mumuulize yeye. Mungojee." Tukamuuliza, tukangoja. Ilichukua muda wa kumenya ndizi. Mama Laurence alisema, "Siutaki mto. Nataka kiti." Tulikuwa tumemlaza miezi miwili mtu aliyetaka kuketi. Louise anaomba radhi mbele yenu wote, kama alivyomwomba dada yake siku ile.

Aliketi kwenye kiti hicho, uani, hadi mwisho. Aliaga dunia Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, saa sita mchana, Papa Hilaire akiwa ameushika mkono wake wa kushoto, baada ya kuonja mchuzi wa Élodie na kutikisa kichwa.

Mama Laurence ameacha mume, Papa Hilaire, watoto watatu, Rosine, Benny na Élodie, wajukuu tisa, mdogo wake Louise, na wanafunzi thelathini na mmoja ambao watu walisema hawafundishiki. Majina yao yako ukurasa wa mwisho wa karatasi hii, yamepigwa kwa herufi zilezile za majina ya watoto wake. Ishirini na wanne kati yao wako kazini, na waliopata ruhusa wapo hapa. Waliokosa ruhusa tunawashukuru kwa kubaki kazini. Yeye angewafokea kama wangetoroka.

Mkitoka makaburini mnawe mikono pale langoni, kisha twende nyumbani Murara kwa chakula. Na sasa tangazo la mwisho. Kwa desturi matanga haya yangefika Jumatano, na Papa Josias, kwa heshima, alipendekeza chuo kisogeze siku ya kuandikisha wanafunzi wapya. Mama Laurence mwenyewe alikuwa ameulizwa mwezi uliopita, kama akitutoka siku hiyo isogezwe. Tulingoja jibu lake hadi mwisho. Alisema hapana. Kwa hiyo matanga yanakwisha kesho Jumapili, kwa sababu kuna familia kumi na moja ambazo zimekwisha kuwatoa watoto wao vyumba vya nyuma, na zimeambiwa Jumatatu.

Mungu akulaze pema, dada. Jumatatu saa mbili asubuhi, Asumini atafungua lango la chuo.